Zamu ya Lango la Cold Ambrey

Siku hiyo ilianza kwa ubishi wa mayai. Norris Pargeter alitaka mawili. Mkewe Thelma akasema mtu mwenye kitambi cha namna ile linamtosha moja. Mwisho wa yote mzee alikula mawili, kwa sababu Thelma alipogeuka kuitazama birika, la kwake liliibwa sahanini. Walikuwa na miaka thelathini na minne ya ndoa na bado wanaibiana mayai.

Mimi ni jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Habari hii Thelma alinisimulia mara moja tu, jikoni kwangu, na hajairudia tena. Si mtu wa kuona mambo, yule. Alikuwa karani wa maktaba mpaka moyo ulipomsumbua, akapasuliwa kifua mwezi wa Mei, na daktari akamwambia atembee, avute hewa safi, asijitie wasiwasi.

"Basi leo utaivuta mpaka uchoke," Norris alimwambia huku akifuta kioo cha gari. "Nina mgeni mmoja tu. Kiti cha mbele ni chako, bibie. Ila usinisahihishe mbele ya mteja."

"Ukidanganya nitakusahihisha."

"Haya, leo utakauka koo."

Baada ya kustaafu udereva wa basi, Norris alijifungulia kazi ya kuwatembeza wageni kwa gari lake mwenyewe. Kutwa nzima huwazungusha kwenye vijiji vya kale vya nyumba za mawe, kanisa hili na lile, chakula cha mchana, chai ya alasiri, na saa kumi na mbili jioni amewarudisha kituoni. Hadithi nyingine alizisoma, nyingine alizitunga, na wageni walizipenda zaidi hizo za kutunga.

Mgeni wa siku hiyo aliitwa Bi Enid Lovibond, bibi wa miaka themanini na miwili, mwembamba, mwenye adabu za kizamani. Walimkuta amesimama nje ya kituo cha treni kabla ya saa waliyoagana. Alivaa koti la kijivu, na mkononi alibeba koti jingine la buluu, dogo, la mtindo ambao Thelma aliukumbuka kwenye picha za ujana wa mama yake. Lilinuka dawa ya nondo gari zima.

"Unaogopa baridi, Bi Lovibond?" Norris alimtania. "Makoti mawili!"

"La pili si langu," alijibu, akalilaza kwenye kiti cha pembeni yake kwa uangalifu.

Kituo cha kwanza kilikuwa Nether Combley. Hapo, mbele ya lango la makaburi ya kanisa, Norris alitoa mzaha wake ambao Thelma alikuwa ameusikia mara mia. Lango lenyewe ni lile la paa la vigae, jeneza hupumzishwa chini yake kumngoja kasisi.

"Wazee wetu walisema hivi," alianza, tumbo mbele kama askari. "Mtu wa mwisho kuzikwa ndiye mlinzi wa lango. Anasimama hapa, mvua na jua, mpaka azikwe mwingine aje kumpokea zamu. Sasa ikitokea maziko mawili siku moja, weee! Hakuna anayetaka maiti yake iingie ya pili. Watu walikimbia na majeneza mabegani, wakapigana ngumi hapa hapa, kasisi naye katikati anaomba amani. Kwa hiyo mimi mtu wa huruma huwapumzisha walinzi. Nasema: Nenda kalale, zamu ni yangu!"

Akapiga saluti. Wageni wengine hucheka, hutaka na wao waseme wapigwe picha. Bi Lovibond hakucheka. Alikuwa anamtazama Norris midomo.

"Rudia tafadhali," alisema. "Maneno yenyewe hasa."

Norris akarudia.

"Asante," alisema bibi, na akayasema kimoyomoyo, midomo ikicheza bila sauti. Thelma aliona jambo hilo, akadhani ni uzee.

Walikula mchana kwenye baa moja ya kijijini, pai ya nyama na viazi, na Bi Lovibond akaacha nusu. Ilipofika saa tisa, Norris alipotaka kuelekea kijiji cha tatu kwenye skonzi na jamu, bibi akamgusa bega.

"Twende Cold Ambrey."

"Cold Ambrey?" Norris aliguna. "Kule hakuna kitu, mama. Nyumba kumi na nne na kanisa lililofungwa. Hata kikombe cha chai hupati. Sijawahi kupeleka mgeni."

"Najua. Pacha wangu yuko kule. Avis."

Basi nani atabishana na mtu anayetaka kuona kaburi la ndugu yake? Wakakata kushoto, njia ikawa nyembamba, majani ya ukingoni yakawa yanapangusa vioo. Manyunyu yakaanza. Bi Lovibond akaeleza kwa upole kwamba Avis alikufa na miaka kumi na tisa, mwaka sitini na mbili, na ndiye wa mwisho kuzikwa pale, kwa kuwa makaburi yalikuwa yamejaa na wiki hiyo hiyo yakafungwa kwa amri. Thelma alimwonea huruma.

Lango la Cold Ambrey lilikuwa halina paa tena, nguzo tu. Katikati yake lilitandazwa jiwe pana la kukanyaga, na lilikuwa limelowa likawa jeusi kwa mvua. Isipokuwa mahali pawili. Thelma aliziona kabla ya wenzake: alama mbili kavu za viatu, vidogo, vyembamba, visigino vimekaribiana, vidole vikielekea barabarani. Mvua ilidondoka juu yake. Alama hazikulowa.

"Norris, ebu tazama hili jiwe."

"Jiwe la chokaa hilo," alisema Norris, ambaye hakuwahi kukosa jibu. "Mahali pengine linanywa maji, pengine halinywi. Haya, nani anapigwa picha? Bi Lovibond, jaribu yale maneno."

"Koo langu limekauka," alisema bibi. "Mkeo aseme. Anayo sauti nzuri."

Thelma akacheka. Alikuwa ameshiba, hewa ilikuwa safi, na kwa mara ya kwanza tangu Mei kifua hakikumbana. Akapanda juu ya jiwe, akaweka miguu yake mipana juu ya zile alama nyembamba, akapiga saluti kama mumewe.

"Nenda kalale!" alisema. "Zamu ni yangu!"

Norris akapiga picha.

Mtu alishusha pumzi. Si Norris, si bibi. Ilikuwa karibu na sikio la Thelma, pumzi ndefu, ya mtu anayetua mzigo. Na hapo hapo baridi ikamwingia nyayoni.

Alipogeuka alimwona Bi Lovibond analia. Alikuwa amelifungua lile koti dogo, amelishika mabegani, kama unavyomshikia mtu koti ili avae. Akangoja kidogo. Kisha akatembea nalo taratibu kurudi garini, akiwa bado amelishika juu vile vile, na mikono ya koti haikuning'inia.

"Maskini," Norris alinong'ona. "Uchungu haujaisha."

Thelma alitaka kujibu. Meno yalikuwa yanamgongana.

Waliondoka. Hawajafika mwisho wa kijiji, gari likaanza kulia. Ti. Ti. Ti. Taa nyekundu ikawaka: abiria wa nyuma hajafunga mkanda.

"Bi Lovibond, mkanda tafadhali."

"Nimefunga."

"Gari linasema kuna mtu hajafunga."

Thelma akatazama kwenye kioo. Bibi aliinama pembeni, akavuta mkanda wa kiti cha pili, akaupitisha juu ya lile koti la buluu, akaubana. Mlio ukakoma. Koti lilikuwa limekaa wima. Lilikuwa na mabega.

Alitaka kumshika mumewe mkono lakini hakuuona mkono. Aliona barabara. Si hii inayokimbia mbele ya gari, bali ile iliyotulia mbele ya lango. Nyumba kumi na nne. Mlango wa buluu. Paka akivuka. Mvua ilikuwa inampiga usoni.

"Thelma?" Norris alisema. "Mbona umelowa?"

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye nywele zake, yanapita shingoni, yanajaza kiti.

"Nimesimama," alisema Thelma. Sauti ilikuwa ndogo. "Norris, bado nimesimama kule. Siwezi kuinua miguu."

Norris alikanyaga breki. Akamshika kifundo cha mkono kutafuta mshipa, kama walivyofundishwa hospitalini. Moyo ulikuwa unapiga, unasita, unapiga. Mara unasita zaidi. Akageuka nyuma, na Thelma anasema hajawahi kumwona na uso ule.

"Umemfanya nini mke wangu?"

"Sikumfanya kitu," alijibu Bi Lovibond. "Amesema mwenyewe. Kule kwingine mzaha wako hauna madhara, bwana Pargeter, bado wanazika, zamu inapokelewa. Pale hawaziki. Avis amesimama miaka sitini na mitatu. Rafiki yangu mmoja alitembea nawe mwaka jana, akanisimulia maneno unayowafundisha watu, nikajua Mungu amenikumbuka."

"Ungesema wewe! Ni ndugu yako!"

"Nimemngoja ili tukae pamoja," alisema bibi, na akaweka mkono juu ya koti. "Si ili tupishane langoni."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Norris hakutukana, ingawa mdomo wake ulizoea. Aligeuza gari palepale, tairi moja mtaroni. Bi Lovibond akaomba kushuka, akasema yeye na mwenzake hawarudi kule. Waliposhika njia, Norris alimwona kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa amefungua mwavuli mmoja, akauelekeza wote upande wa pili, bega lake mwenyewe likilowa.

Thelma hakumbuki safari ya kurudi. Kwake hapakuwa na safari. Alikuwa pale pale. Alisikia gari linakuja kutoka mbali, akaliona linasimama mbele yake. Na ndani yake, kiti cha mbele, akamwona mwanamke ameegemeza kichwa kwenye kioo, mdomo wazi, rangi ya nta. Alikuwa ni yeye.

Norris alishuka bila koti. Akaja hadi kwenye jiwe, akatazama chini. Alama sasa zilikuwa pana. Zilikuwa za viatu vya Thelma vya kutembelea, vile alivyomnunulia mwenyewe alipotoka hospitali.

"Usiseme," Thelma alimwambia. Aliita kwa nguvu zake zote. Hakuna sauti iliyotoka.

"Najua uko hapo, na najua unataka kunisahihisha," alisema Norris. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Leo hapana, bibie. Zamu zangu za basi zilikuwa mbaya kuliko hii." Akapanda kwenye jiwe. "Nenda kalale, Thelma. Zamu ni yangu."

Joto likampanda kuanzia nyayoni. Akavuta pumzi ndani ya gari, akakohoa, akalia. Na kupitia kioo kilichojaa mvua alimwona mumewe anashuka kwenye jiwe, anatembea kuja kwake kama kawaida, na nyuma yake jiwe lina alama mbili kubwa, kavu, kisigino cha kushoto kimemeguka pembeni. Kiatu cha Norris kilimeguka vile tangu Pasaka. Alikuwa akimwambia kila siku akipeleke kwa fundi.

Norris aliishi miezi minne. Alikula, alitania, aliiba mayai. Lakini hakukaa kitini tena. Alikuwa akisimama dirishani mchana kutwa, nyayo baridi, akitazama mtaa wetu huku akieleza mambo ambayo hayakuwa mtaani. Mwenye mlango wa buluu amepaka rangi upya. Paka amezaa. Nilidhani akili inamtoka.

Mwezi wa pili wa hali hiyo alimwita mkewe karibu.

"Niahidi hutakuja kunipokea."

"Norris..."

"Niahidi. Moyo wako si wa kusimama mvuani. Na kwenye daftari langu la safari nimeandika ya Cold Ambrey yote, mkono ulizoea. Chini nimeandika onyo. Usimpe mtu. Lichome."

Aliahidi. Mwezi wa nne akafa amesimama, mkono kwenye pazia. Tulimzika makaburi ya mjini, na wapo wengi waliozikwa baada yake. Haikusaidia kitu. Jumapili ya kwanza ya mvua Thelma aliendesha gari hadi Cold Ambrey peke yake. Alama zilikuwepo, kisigino kimemeguka. Alizifungulia mwavuli, akijua ni upuuzi. Akazungumza nazo saa nzima. Wiki iliyofuata akarudi, na iliyofuata, na kila mara neno lile lilimjaa mdomoni, na kila mara alikumbuka ahadi akalimeza.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo aliponishika mkono jikoni kwangu.

Mwezi wa Mei alikuja Clement Purvis, rafiki wa Norris tangu enzi za basi. Alitaka kuendeleza ile kazi ya wageni. Aliuliza kwa heshima kama mzee aliacha maandishi yoyote.

Daftari halikuchomwa. Lilikuwa kwenye droo ya jikoni, na mkasi ulikuwa droo hiyo hiyo. Clement alipokuwa anakoroga chai sebuleni, Thelma alifungua ukurasa wa Cold Ambrey. Njia, lango, hadithi, maneno. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: USIWAPELEKE WATU HUKU. Alilikata lile onyo taratibu, ukingo ukanyooka usiweze kujua. Akampelekea Clement daftari.

"Niliahidi sitampokea mimi," aliniambia. "Sikuahidi kwamba hatapokewa." Alidhani atakuwa mwanamume fulani mwenye majigambo. Mtu mzima. Alijiambia hivyo kila usiku.

Jumapili ya mwisho ya Juni mvua ilinyesha. Thelma alifika langoni, akafungua mwavuli, akatazama chini. Alama za Norris hazikuwepo. Palikuwa na nyingine.

Alizitazama muda gani, hajui. Kisha akarudi garini, akawasha, akaondoka. Hajafika mwisho wa kijiji, mlio ukaanza. Ti. Ti. Ti. Taa nyekundu: abiria wa mbele.

Alilia kwa furaha, anasema. Aliita jina lake. Harufu ya sabuni yake ya kunyolea ilikuwa ndani ya gari. Na huku akilia alijua fika kwamba njia ya kugeuza gari iko pale, mahali pale pale alipogeuza Norris, alama ya tairi bado iko mtaroni. Akanyoosha mkono, akavuta mkanda wa kiti cha pembeni, akaubana. Mlio ukakoma. Hakugeuza.

Ukimwona Thelma siku hizi anapendeza, amenenepa. Kiti cha mbele cha gari lake kimefungwa mkanda daima, na ukiomba lifti atakwambia ukae nyuma. Asubuhi kupitia ukuta namsikia akigombana na mtu juu ya mayai.

Nilikwenda Cold Ambrey wiki iliyopita. Nilitaka kuona kwamba ni uongo. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na jiwe lilikuwa jeusi lote, ila katikati. Alama mbili kavu, kila moja haizidi kiganja changu. Visigino havikukaribiana, kimoja kimeingia ndani kidogo, kama wanavyosimama watoto wakichoka kungoja. Kando ya cha kulia palikuwa na mstari mwembamba, mkavu, uliopinda mara mbili. Ilinichukua muda kuutambua. Kamba ya kiatu ilikuwa haijafungwa.

Niliyajua maneno. Ni machache, hata mtoto anayaweza. Nilirudi garini nimejiziba mdomo kwa mikono miwili.